Chakula cha Hotelini: Sahani Imepita Mikono Mingapi?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalomhusu kila anayesafiri, anayekwenda mnadani, anayesubiri basi stendi, au anayefika mjini Babati kwa shughuli ya siku moja. Jambo lenyewe ni kula chakula ambacho hatukukipika wenyewe.

Somo hili lilianzia kwenye simu. Mtoto wa dada yangu, ambaye yuko masomoni Japani, alinitumia picha za video akaniambia, "Shikamoo mama mdogo. Tazama mahali tunapokula siku tukiwa na haraka." Nikaona watu wameketi kandokando ya meza ndefu. Katikati ya meza kuna mkanda unaotembea polepole, na juu ya mkanda kuna sahani ndogo ndogo zinapita mbele ya kila mtu. Katika kila sahani kuna vidonge viwili vya wali, na juu ya kila kidonge kipande cha samaki. Anayependa ananyoosha mkono na kuchukua.

"Marahaba mwanangu," nikamjibu. "Huyo samaki ameiva?"

"Hapana mama mdogo, ni mbichi."

Mimi ni muuguzi. Nimekaa wodini zaidi ya miaka thelathini, na jambo la kwanza lililonijia ni hofu. Nilimuuliza kama anaharisha. Akacheka, akasema yeye yuko salama. Siku zilizofuata nilijiuliza: watu hawa wanakula samaki mbichi aliyepita mbele ya watu wengi, na kwa kawaida hawaugui. Sisi tunakula samaki aliyekaangwa, wali uliopikwa, na bado kila wiki tunapokea wagonjwa wa kuhara na kutapika. Tofauti iko wapi? Tujifunze pamoja.

1. MKANDA WA WAJAPANI

Chakula hicho kinaitwa sushi. Hoteli ya kwanza ya mkanda ilifunguliwa mwaka 1958 katika mji wa Higashiosaka na mtu aitwaye Yoshiaki Shiraishi. Alikuwa na hoteli ndogo na wahudumu wachache. Siku moja alitembelea kiwanda cha bia akaona chupa zikisafirishwa juu ya mkanda, ndipo akapata wazo la kusafirisha sahani kwa njia hiyo hiyo. Baada ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Osaka mwaka 1970, hoteli za namna hii zilienea nchi nzima, na baadaye katika nchi nyingine. Mkanda hutembea kiasi cha sentimita 8 kwa sekunde. Ni chakula cha bei nafuu, cha wafanyakazi, wanafunzi na familia zenye watoto. Mtu akimaliza, mhudumu huhesabu sahani tupu na kumwambia alipe kiasi gani. Kwa maneno mengine, ni mama lishe wao.

2. WANAJIKINGA VIPI?

Nilipochunguza nikaona kwamba wana kinga nne.

Ya kwanza ni baridi. Samaki huwekwa katika barafu au jokofu tangu anapovuliwa hadi anapokatwa. Samaki wa baharini anaweza kuwa na vijinyoo vyembamba vinavyoitwa anisaki, ambavyo vikiingia tumboni vikiwa hai huleta maumivu makali. Wizara ya Afya ya Japani inafundisha kwamba vijinyoo hivyo hufa samaki akigandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, au akipikwa kwa joto la nyuzi 60 kwa dakika moja. Inafundisha pia kwamba siki, chumvi na viungo vikali haviviui. Ndugu msomaji, kumbuka hilo la siki. Tutalirudia.

Ya pili ni siki katika wali. Wali wa sushi hutiwa siki, na ukali wake huzuia vijidudu vingi visizaliane. Siki haiui minyoo, lakini inasaidia wali usiharibike upesi.

Ya tatu ni saa. Katika baadhi ya hoteli hizo kila sahani ina alama inayosomwa na mashine. Sahani ikizunguka muda uliopangwa bila kuchukuliwa, huondolewa na kutupwa, hata kama kwa macho chakula bado kinaonekana kizuri.

Ya nne ni mikono safi na uaminifu. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mwezi Januari 2023 ilisambaa video ya kijana mmoja aliyelamba chupa ya mchuzi na kikombe cha hoteli, kisha akavirudisha mahali pake. Nchi nzima ilishtuka. Wateja walipungua, na hoteli kadhaa ziliacha kupitisha vyakula kwenye mkanda kwa wazi. Zikaanza kumpelekea kila mteja alichoagiza tu. Mkanda ule ulikuwa umefanya kazi tangu mwaka 1958. Mtu mmoja na ulimi wake alitosha kuwaondolea watu imani.

Hata huko wapo wanaougua. Anisaki bado huwapata watu kila mwaka. Lakini tazama: chakula chao ni kibichi, na wanajua kwamba ni kibichi, kwa hiyo wanakiogopa na kukilinda. Chakula chetu kimepikwa, na kwa sababu kimepikwa tunakisahau.

3. KABATI LA VIOO LA BABATI

Sasa turudi nyumbani. Mtu akishuka kwenye basi hapa Babati, akiwa ametoka Arusha, Singida au Dodoma, anaingia hotelini ana njaa na dereva anapiga honi. Anaona kabati la vioo. Ndani yake kuna samaki wa kukaanga, sambusa, chapati na mayai. Kando kuna sufuria ya wali, huenda ni mchele mzuri wa Magugu, na bakuli la kachumbari. Mteja haulizi, ananyoosha kidole na kuwekewa.

Tuulize maswali matatu.

Samaki yule alikaangwa saa ngapi? Samaki wa Ziwa Babati, awe perege au kambare, akikaangwa akaiva hadi ndani ni chakula bora sana kwa watoto na wazee. Lakini akikaangwa asubuhi na kuliwa saa kumi jioni, huku kabati likiwa linapigwa na jua, basi amekaa mchana kutwa katika joto ambalo vijidudu vinalipenda. Vijidudu huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Kabati la vioo huzuia nzi, na hilo ni jema, lakini halizuii joto. Tena tukumbuke kwamba samaki wa maji baridi anaweza kubeba minyoo. Asiliwe mbichi wala akiwa ameiva nje tu.

Wali ule ni wa leo au wa jana? Mchele una vijidudu ambavyo hujifunika ganda gumu na kubaki hai hata maji yanapochemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha bila baridi, vijidudu hivyo huamka, huzaliana na kutoa sumu. Kuupasha moto asubuhi hakuondoi sumu hiyo. Mtu hutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula.

Na kachumbari ile imeoshwa kwa maji gani, na imekatwa kwa mikono ya nani? Hapa ndipo panaponiuma, nami nitawaeleza sababu.

4. BINTI ALIYEANGUKA DARASANI

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwetu binti wa darasa la sita. Alikuwa ameanguka kifafa shuleni mara tatu. Wazazi walikuwa wameambiwa amerogwa, na miezi ilikuwa imepita wakihangaika kwa waganga wa kienyeji. Mwalimu wake ndiye aliyewasihi wamlete hospitali. Alitumwa mbele zaidi akapigwa picha ya kichwa kwa mashine ya kompyuta. Ndani ya ubongo wake vilionekana vifuko vya tegu la nguruwe.

Nami, kwa kujiamini, nilimwambia mama yake, "Mama, mnakula kitimoto kisichoiva."

Yule mama alinitazama akasema, "Sista, nyumbani kwetu hatuli nguruwe. Wala babu yake hakula. Imekuwaje?"

Nilinyamaza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifundisha kliniki: pikeni nyama ya nguruwe vizuri, mtaepuka ugonjwa huu. Mafundisho yale yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa nusu. Jioni ile nilifungua vitabu vyangu upya. Hii hapa ndiyo nusu iliyobaki.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko, vile vinavyoonekana kama punje nyeupe za mchele, na nyama haikuiva, anapata tegu tumboni. Tegu ni mnyoo bapa, mrefu wa mita kadhaa, anayekaa kwenye utumbo. Mwenye tegu mara nyingi haumwi sana. Anaweza kukaa naye miaka bila kujua. Lakini kila anapokwenda haja kubwa anatoa mayai ya tegu kwa maelfu, madogo yasiyoonekana kwa macho.

Mayai hayo yakiliwa na nguruwe anayezurura, nguruwe anapata vifuko katika nyama yake. Yakiliwa na mtu, yanafanya vivyo hivyo: hupasuka tumboni, huingia katika damu na kwenda kwenye misuli, machoni au kwenye ubongo, na huko yanakuwa vifuko. Vifuko vya ubongoni ndivyo vinavyoleta kifafa, kuumwa kichwa kusikokwisha, na mara nyingine upofu au kifo. Huenda ikapita miaka kabla dalili hazijaonekana.

Kwa hiyo kula kitimoto kibichi kunampa mtu tegu la tumboni. Vifuko vya ubongoni vinatokana na kula mayai yaliyotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mayai hayo husafiri kwa mkono usionawa baada ya choo, kwa maji machafu, na kwa mboga zinazoliwa mbichi. Mtu asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata katika kachumbari, katika tunda lililomenywa, au katika kikombe cha maji.

Mkono gani ulimpa binti yule mayai? Hatukujua, na hatutajua. Huenda ni hotelini, huenda ni shuleni, huenda ni jirani aliyemmenyea chungwa kwa upendo. Nilimwomba mama yake radhi. Binti alipata dawa chini ya uangalizi wa daktari, akarudi shule.

Jambo hili si la mbali kwetu. Watafiti walipochunguza ndimi za nguruwe 770 katika vijiji vya Wilaya ya Mbulu, matokeo yakachapishwa mwaka 2004, waliona vifuko katika nguruwe wapatao 17 kati ya kila 100. Katika utafiti mwingine uliofanyika katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom na kuchapishwa mwaka 2009, wagonjwa wa kifafa walipigwa picha za kichwa. Karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa na alama zinazolingana na ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika sehemu nyingi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu la nguruwe ndilo chanzo cha kiasi cha asilimia 30 ya kifafa. Hicho ni kifafa kinachoweza kuzuilika.

Tena nasema, kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Usimwache mgonjwa aungue motoni kwa kuogopa kumgusa. Mwondoe kwenye hatari, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Kisha mpeleke hospitali.

5. MOTO HAUUI KILA KITU

Wengi wetu tunasema, "Moto umepita, hakuna shida." Moto ni rafiki mkubwa. Unaua minyoo, mayai yake, na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Lakini kuna mambo matatu usiyoyaweza.

Kwanza, sumu iliyokwisha kutolewa. Mpishi mwenye jipu au kidonda kidoleni anaweza kuacha vijidudu katika chakula. Chakula kikikaa saa kadhaa, vijidudu hutoa sumu ambayo haiondoki kwa kupashwa. Ndiyo maana katika sherehe watu hutapika kwa makumi jioni ile ile, na wengine husema wamelishwa uchawi.

Pili, samaki wa baharini kama jodari na vibua, wakikaa bila barafu, huingia sumu inayoleta uso kuwaka, vipele, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio mara tu baada ya kula. Kukaanga hakuiondoi. Samaki akishaharibika, hata viungo vya aina gani havimponyi.

Tatu, viumbe wenye sumu katika miili yao. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 walilazwa. Nyama ile ilikuwa imepikwa. Walikuwa familia na majirani wanaokula pamoja, kama sisi. Tuwakumbuke, na tujifunze kutoka kwao.

6. UNAPOINGIA HOTELINI

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za chakula salama: usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi kuiva, kutunza chakula katika joto au baridi ifaayo, na kutumia maji na vyakula salama. Mimi nimezigeuza kuwa mambo ya kutazama kabla hujaketi.

(a) Tazama mahali pa kunawia. Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni? Mahali ambapo mteja hana sabuni, yaelekea mpishi naye hana.

(b) Uliza choo kiko wapi, hata kama huna haja. Tazama kama kuna maji na sabuni karibu nacho. Choo cha hoteli hukuambia habari za jikoni.

(c) Chagua kinachotoka motoni. Chakula kinachotoa mvuke ni bora kuliko kile cha kabatini. Usione haya kusema, "Naomba unikaangie mwingine," au "Naomba upashe mpaka kichemke."

(d) Pasua samaki au nyama kabla ya kula. Nyama ya nguruwe ikiwa na uwekundu au majimaji ya damu ndani, irudishe. Mishkaki minene na rosti ya haraka huiva nje na kubaki mbichi ndani. Ukiona punje nyeupe, usile kabisa, na mweleze mwenye hoteli.

(e) Mahali usipopafahamu, acha kachumbari na matunda yaliyokwisha kumenywa. Ndimu, siki na pilipili ni vitamu lakini haviui mayai ya tegu. Chukua ndizi au chungwa, umenye mwenyewe baada ya kunawa.

(f) Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yawe katika chupa iliyofungwa. Maji ya jagi yanayopita meza hadi meza, na kikombe kimoja kwa wote, yanafanana na chupa ile ya mchuzi kule Japani.

7. KWA AKINA MAMA LISHE

Dada zangu na mama zangu, sikuandika haya ili mkimbiwe na wateja. Nawajua wengi wenu. Mnaamka saa kumi alfajiri, mnabeba kuni na maji, na kwa sufuria zile mmesomesha watoto. Mji huu ungekuwa na njaa bila ninyi. Naomba tufanye haya, ambayo hayana gharama kubwa.

Weka ndoo yenye koki na kipande cha sabuni, kimoja kwa wateja na kingine cha jikoni. Nawa baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na baada ya kushika nyama mbichi. Kucha ziwe fupi.

Uwe na visu viwili na vibao viwili: kimoja cha nyama na samaki wabichi, kingine cha nyanya, vitunguu na kabichi. Mboga za kachumbari zioshwe moja moja kwa maji safi yanayotiririka, siyo kuchovywa zote katika beseni moja.

Pika kidogo, mara nyingi. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala baridi. Kiweke kwenye hotipoti au juu ya makaa kibaki cha moto kabisa. Iga saa ya Wajapani: kaanga samaki kwa mafungu, na kila fungu ujue lilitoka kwenye mafuta saa ngapi. Wali uliobaki usiku, kama huna jokofu, usiwape wateja. Najua inauma kumwaga chakula. Lakini hesabu hasara ya siku ambayo watu kumi wanatapika na jina lako linatajwa stendi.

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nguruwe aliyechinjwa uani kwa siri ni rahisi, lakini hakuna aliyemtazama.

Mwenye kuharisha, mwenye jipu mkononi, mwenye macho ya manjano, asipike siku hizo. Mfanyakazi akisema anaumwa tumbo, usimfukuze, maana kesho ataficha. Mpe siku za kupumzika. Wanaohudumia chakula wanatakiwa kupimwa afya. Tusilipie cheti bila kupimwa. Aliyewahi kuona vipande bapa vyeupe katika choo chake aje hospitali bila aibu.

Hapa nitoe onyo: usinunue dawa ya tegu dukani kwa kubahatisha, hasa kama una kifafa au kichwa kinauma siku nyingi. Dawa ikiua vifuko vya ubongoni ghafla, ubongo huvimba. Daktari anajua namna ya kutoa dawa hizo pamoja na dawa za kuzuia uvimbe na kifafa.

8. UKIUGUA BAADA YA KULA

Hatari kubwa ya kuharisha na kutapika ni kuishiwa maji. Anza kunywa mara moja. Koroga pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi. Kama huna pakiti, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usizidishe chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Hospitali itampa mtoto pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Wahi hospitali bila kungoja kesho ukiona: choo chenye damu, choo kama maji ya mchele, kutapika kila kinachonywewa, macho kuingia ndani na mkojo kukosekana, homa kali, degedege au kifafa, ulegevu, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kumeza, au mgonjwa ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee. Waliokula pamoja nawe waambie. Taja ulichokula, wapi na saa ngapi. Kufanya hivyo ni kuokoa watu, siyo kumchongea mtu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka duniani kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 hufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto walio chini ya miaka mitano.

9. ELIMU INASAIDIA?

Ndiyo. Huko huko Mbulu, watafiti walipofundisha wanavijiji juu ya tegu, choo, kufungia nguruwe na kuchagua nyama, maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua, na watu wakapunguza kula nyama yenye vifuko. Hakuna mashine iliyoletwa. Watu waliambiwa ukweli wote, siyo nusu.

Juzi nilipita stendi kwa mama mmoja ambaye hula kwake tangu zamani. Nilimsimulia habari za mkanda na sahani zinazotupwa. Akacheka, "Kwa hiyo sista, wao wana mashine ya kuwaambia chakula kimezeeka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nina macho na saa ya ukutani." Kisha akamwita msichana wake: "Samaki hao wa asubuhi watoe kabatini. Na ile sabuni umeiweka wapi?"

Nililetewa samaki wa moto. Nilimpasua, nikaona ameiva hadi kwenye mfupa, nikala nikashiba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Mtu asiyekula nyama ya nguruwe anawezaje kupata vifuko vya tegu ubongoni?

2. Taja mambo matatu ambayo moto hauwezi kuyaondoa katika chakula.

3. Katika sherehe yetu ijayo, nani atasimamia maji ya kunawa, na chakula kitaiva saa ngapi na kuliwa saa ngapi?

4. Je, katika mtaa au kijiji chetu kuna nyumba isiyo na choo, au nguruwe wanaozurura? Tutawasaidiaje wenye nyumba hizo bila kuwaaibisha?

5. Kuna mtu mwenye kifafa karibu nasi aliyefichwa ndani? Nani atakwenda kumwona wiki hii na kumsindikiza hospitali?